Nani Aliiambia Mita Ipime Sasa? Mafunzo Niliyopata Malaba na Busia

Lori likigoma kuwaka kwenye foleni ya Malaba, fundi huulizwa swali moja: betri zimekufa au bado? Anatoa mita, anagusa vichwa vya betri, anasoma namba, anatoa hukumu. Hukumu hiyo ina gharama. Betri mbili za lori ni pesa ambazo madereva wengi hawana mfukoni, na tajiri aliyeko Mombasa hatumi pesa kabla hajauliza maswali yote anayoyajua. Huku nyuma magari yanapiga honi, foleni imesogea, na mzigo wa Kampala au Juba haujavuka.

Kazi yangu ni umeme wa magari upande wa Kenya wa mpaka na Uganda, Malaba zaidi, Busia pale ninapoitwa, pamoja na umeme wa maduka na mashine za kusaga. Kwa miaka yote ya kazi hii nimeona mafundi wakibishana juu ya namba, huyu ana 25, yule ana 23, na kila mmoja anaitetea mita yake. Mara nyingi mita zote mbili zinasema kweli. Tofauti iko kwenye wakati. Mita ya dijitali haichukui kipimo mpaka kitu fulani kiifyatue: saa yake ya ndani, kidole chako, tukio lenyewe kwenye waya, au mashine nyingine iliyounganishwa nayo. Haya ndiyo niliyojifunza kuhusu kufyatua huko.

1. Mita hufumba macho muda mwingi kuliko inavyoyafumbua

Zile mita za manjano za bei ya chini, zinazouzwa kila mahali kuanzia soko la Busia hadi vibanda vya Malaba, hujifyatua zenyewe. Ukiiwasha inapima, inaonyesha, inapima tena, kama mara mbili au tatu kwa sekunde, mpaka uizime. Ndani ya nyingi kuna chipu ya ukoo wa ICL7106, iliyobuniwa na kampuni ya Intersil ya Marekani katika miaka ya 1970. Kazi yake ina hatua tatu. Kwanza inajisawazisha kwenye sifuri. Pili inakusanya umeme unaoingia ndani ya kapasita kwa muda maalumu. Tatu inaumwaga umeme huo huku ikihesabu umechukua muda gani kuisha, na hesabu hiyo ndiyo namba unayoiona kwenye kioo.

Ni hatua ya pili peke yake ambayo mita inautazama waya wako. Katika chipu hii hatua hiyo ni kama robo ya mzunguko mzima. Robo tatu zilizobaki mita iko kwenye shughuli zake, na lolote litakalotokea kwenye waya wakati huo halitaonekana.

Kwa betri iliyotulia hilo halina madhara. Volti za saa nne na dakika moja ni zilezile za saa nne na dakika mbili. Lakini funguo ikizungushwa, stata inavuta umeme mwingi kuliko wakati wote katika nukta ya kwanza kabisa, kabla mota yake haijaanza kuzunguka. Volti zinadidimia na kupanda tena ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Mita ya namna hii inaweza kukosa shimo lote hilo, ikakuonyesha ukingo wa huku na ukingo wa kule. Fundi anayekazia macho kioo wakati dereva anapiga stata anaona namba zikicheza, anachagua mojawapo kwa kubahatisha, kisha anaiita kipimo.

2. Kwa stata, liache tukio lenyewe lichague namba

Hili ndilo funzo ambalo limewaokolea watu pesa nyingi zaidi mikononi mwangu, kwa hiyo nitakaa hapa.

Dereva mmoja aliyekuwa na trela la kwenda Kampala alinikuta asubuhi amekasirika, na haki yake, maana alikuwa amesukumwa na wenzake tangu Amagoro.

“Fundi, hizi betri zimekwisha. Nitafutie mbili.”

“Dere, ngoja kwanza tuzipime zikiwa kazini.”

Zikiwa zimelala, betri zake zilisoma volti 25 na kitu. Lori hutumia mfumo wa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatana, na zikiwa zimejaa na kutulia hutoa kati ya 25.2 na 25.6. Namba yake ilikuwa karibu kabisa na hapo. Fundi mwingine angeishia hapo na kusema betri ni nzima, tafuta stata. Mwingine angemwamini dereva na kuuza betri. Wote wawili wangekuwa wamepima wakati usiohusika, kwa sababu hakuna lori linalogoma kuwaka likiwa limelala.

Mita yenye kitufe cha MIN/MAX inafanya hivi: inaendelea kujifyatua yenyewe kama kawaida, ila kila kipimo kipya kinalinganishwa na kilichohifadhiwa. Kikiwa chini kuliko vyote vilivyotangulia, kinachukua nafasi ya MIN. Kikiwa juu kuliko vyote, kinachukua nafasi ya MAX. Nyingine hulia kidogo kila rekodi inapovunjwa. Wewe huna haja ya kutazama kioo. Shika waya vizuri, mwambie dereva apige stata, kisha soma kilichobaki.

Kabla ya kubonyeza kitufe hicho, funga renji, yaani upeo wa volti ambao mita inaupima. Mita iliyoachwa itafute renji yenyewe hupoteza muda ikibadilisha, na muda huo ndio shimo linapopita. Kwa lori, chagua renji inayobeba volti 30 bila shida. Jambo lingine ni kujua mita yako inahitaji tukio lidumu kwa muda gani ndipo ilinase. Fluke 87, ambayo mafundi wengi wa magari duniani wameitumia tangu mwisho wa miaka ya 1980, hurekodi MIN na MAX za kawaida kwa tukio la sehemu ya kumi ya sekunde, na ina hali ya pili ya kunasa vilele vifupi zaidi ya hapo. Nyingi za bei ya chini hazifikii hata ile ya kwanza. Kwa stata, sehemu ya kumi ya sekunde inatosha kukuambia ukweli wa betri.

Kwa lori la dereva yule, MIN kwenye vichwa vya betri ilibaki juu ya 22. Betri ikianza kushuka chini ya volti 19 hivi wakati stata inazunguka, hapo unaanza kuihukumu. Hizi zilikuwa zinasimama imara. Umeme ulikuwa unapotelea njiani kwenda kwenye stata, na swali likawa: njia ipi?

Hapo mafundi wengi hupima volti kwenye betri, halafu wanashuka chini ya gari na kupima kwenye stata, kisha wanatoa. Lakini hapo stata imepigwa mara mbili tofauti. Mara ya pili betri zimeshachoka kidogo na injini imepata joto kidogo. Unatoa namba ya tukio moja kutoka kwa namba ya tukio lingine. Njia safi ni kuiweka mita kwenye waya wenyewe: ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri, ncha nyingine kwenye mwili wa stata, halafu MAX. Gari likiwa limelala inasoma sifuri. Dereva akipiga stata, kinachopotea kwenye njia ya ardhi peke yake kinajitokeza, kwa tukio moja na mita moja. Njia nzima ya ardhi haipaswi kula zaidi ya nusu volti hadi volti moja kwenye gari la volti 24. Yake ilikula zaidi ya nne.

Ule waya mnene wa ardhi unaofungwa kwenye chesisi ulikuwa umeota kutu nyeupe chini ya bolti. Tuliufungua, tukausugua kwa msasa, tukaufunga tena kwa nguvu. Injini iliwaka mara moja, na dereva akavuka na betri zake zilezile.

3. HOLD ni kidole chako, na kidole hakijui kama namba imetulia

Watu wengi wanakiona kitufe cha HOLD na kudhani ni sawa na MIN/MAX. Kwenye mita za kawaida HOLD hugandisha kioo tu. Namba iliyokuwepo nukta uliyobonyeza ndiyo inayobaki, iwe ilikuwa imetulia au ilikuwa njiani kwenda pengine. Aliyefyatua ni wewe.

Kuna mita nyingine, za bei kubwa zaidi, zenye HOLD ya kujiendesha. Hizo husubiri. Ukigusa waya, mita inaangalia kama vipimo vinavyofuatana vinakaribiana; vikikaribiana inalia, inagandisha namba, na ukihamia sehemu nyingine inasubiri tena. Ukiwa umelala chini ya trela na mikono yote miwili inashika ncha, hicho ni kitu cha kushukuru. Unagusa, unasikia mlio, unatoka kwenda kusoma.

Sasa hatari yake, na hapa naomba kila fundi kijana asome mara mbili. Usitumie HOLD ya aina yoyote kuamua kama waya wa umeme wa nyumba umekufa. Ile ya kidole itakuonyesha sifuri ya zamani huku waya mpya una volti 240. Ile ya kujiendesha haifyatuki kwa umeme unaoyumba; namba isipotulia, mita itanyamaza na kukuachia kipimo kilichotangulia. Kwenye duka lenye nyaya za zamani, ambapo muunganisho uliolegea unawaka na kuzima, mita inaweza kukuonyesha sifuri tulivu kutoka waya wa jirani. Mimi huzima kila kitufe cha kuhifadhi kabla ya kugusa umeme wa KPLC, kampuni ya stima ya Kenya. Napima kwanza soketi ninayoijua ina umeme, halafu waya ninaotaka kuufanyia kazi, halafu narudi kwenye ile soketi kuhakikisha mita bado iko hai. Mara tatu, kila siku, hata kama mwenye duka anaona ninachelewa.

4. Umeme unaovuja usiku haupimwi mchana mlango ukiwa wazi

Mwezi Januari 2022, Uganda ilipoamuru madereva wote wapimwe korona mpakani kwa malipo, madereva waligoma, na foleni ya malori upande wetu ikanyooka makumi ya kilomita. Magari yalilala siku kadhaa mahali pamoja. Foleni za kawaida hazifikii huko, na tangu kituo cha pamoja cha forodha kianze kufanya kazi mambo yamekuwa mepesi, lakini lori kulala usiku mmoja au miwili bado si habari mpya hapa. Betri inayokufa kwa kulala ni kazi ya kila wiki.

Hesabu ni rahisi. Kitu kinachovuta ampea 2 bila kukoma kwa saa 48 kimekula ampea-saa 96. Kwa lori lenye betri za ampea-saa 180, hiyo ni zaidi ya nusu. Redio, friji ndogo ya dereva, traka iliyofungwa na mwenye gari, taa ya kitandani: vyote vinachangia.

Shida ni wakati wa kupima. Malori ya siku hizi yana kompyuta, na kompyuta hizo hazilali mara tu funguo inapotolewa. Zinabaki macho dakika kumi, ishirini, nyingine zaidi ya nusu saa, na ukifungua mlango zinaamka tena. Fundi akipima dakika mbili baada ya kuzima gari ataona ampea kadhaa na kuanza kung'oa fyuzi moja baada ya nyingine akitafuta mwizi ambaye hayupo.

Kwa hiyo nachelewesha kufyatua kwa makusudi. Naweka klampu ya DC, ile mita yenye taya zinazobana waya, kwenye waya wa betri. Nafunga milango, nikihitaji mlango uwe wazi nabonyeza kitasa chake kwa bisibisi ili gari lidhani umefungwa. Kisha namwambia dereva tukanywe chai. Chai hiyo ni sehemu ya kipimo. Kumbuka tu kwamba mita nyingi hujizima baada ya dakika kumi na tano au ishirini. Soma maelekezo ujue jinsi ya kuzuia, maana nyingine huacha kujizima zikiwekwa MIN/MAX. Tukirudi, MIN ndiyo hali ya gari likiwa limelala kabisa. MAX ndiyo iliyokuwepo kabla halijalala. Zote mbili zina maana, lakini inayoua betri usiku ni ile ya kwanza.

5. Mashine ya kusaga: tega kwanza, kisha subiri

Upande wa Busia nimeitwa mara nyingi kwa wenye mashine za kusaga unga. Malalamiko ni yaleyale: “Mota ikiwashwa, breka inaanguka. Hawa watu wa stima wametupa umeme dhaifu.” Mota ya fezi tatu kwenye volti 415 inapoanza kuzunguka huvuta mara tano hadi saba ya mkondo wake wa kawaida, wakati mwingine zaidi, kwa muda mfupi sana. Hilo ni tabia ya mota yoyote inayowashwa moja kwa moja. Swali ni kama mota hii imevuka kiasi chake.

Klampu nzuri zina kitufe cha kupima mkondo wa kuwasha. Ukikibonyeza, mita haichukui kipimo. Inajitega, kama mtego wa kwale: kamba imekazwa, hakuna kinachotokea, na unaweza kusubiri hadi mwenye mashine amalize kumhudumia mteja. Mkondo ukipanda ghafula, mtego unafyatuka wenyewe na mita inakusanya sehemu ya kumi ya kwanza ya sekunde, basi. Haikusanyi kinachofuata. Kutega na kufyatuka ni mambo mawili, na fundi anayeyachanganya hubonyeza kitufe mota ikiwa tayari inazunguka, kisha anashangaa mbona kioo hakionyeshi kitu.

Pima hivyo kwenye fezi zote tatu, ukiiacha mota isimame kabisa kabla ya kila mara. Fezi moja ikitofautiana sana na nyingine, angalia nyaya na kontakta kabla hujamlaumu mtu. Zote zikilingana na ziko ndani ya kiwango cha mota, basi breka iliyochaguliwa ndiyo ndogo au si ya aina ya mota, au mashine inawashwa huku mahindi yakiwa tayari yamejaa ndani. Hili la mwisho nimeliona mara nyingi kuliko nilivyotarajia, na tiba yake ni kumwelekeza kijana anayelisha mashine.

6. Sikio lina kasi kuliko jicho

Taa za trela huwaka na kuzima barabarani, halafu zikifika kwa fundi zinawaka zote bila shida. Nyaya zimekatika ndani ya mpira lakini bado zinagusana. Hapa kioo hakisaidii hata kidogo. Tenga nyaya na betri, weka mita kwenye mlio wa kuangalia mwendelezo, funga ncha mwanzo na mwisho wa waya, kisha tanboi autikise kuanzia kwenye soketi ya trela hadi nyuma. Mita nzuri hukatiza mlio hata kwa mwachano mfupi mno ambao namba isingeuonyesha. Mahali mlio unapokwaruza, hapo ndipo pa kukata na kuunga upya.

7. Sehemu ishirini za elfu za sekunde

Ile hatua ya kukusanya niliyoieleza mwanzoni ina siri inayotuhusu sisi tunaofanya kazi karibu na transfoma na nyaya za stima. Umeme wa Kenya hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milisekunde 20. Mita ikikusanya kwa milisekunde 20 kamili, au kwa kigawe chake, nusu ya juu ya kelele ya stima inafutana na nusu ya chini, na namba inatulia. Ikikusanya kwa muda mwingine wowote, masalia yanabaki na tarakimu ya mwisho inacheza.

Nimepima pande zote mbili za mpaka na mita inatulia sawasawa, na ina sababu. Bwawa la Owen Falls kule Jinja, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na kabla muongo huo haujaisha umeme wake ulikuwa ukivuka Tororo kuingia Kenya. Gridi zetu zimeshikana tangu hapo na zinapiga mapigo yaleyale. Jenereta ndogo ya dukani ni habari nyingine. Mzigo ukiongezeka inalegea hadi 48 au 47, ile futano inapotea, na namba inayumba bila betri wala waya kuwa na kosa. Ukiona hivyo stima imekatika na majirani wamewasha jenereta, chukua vipimo kadhaa na utafute wastani, au subiri.

8. Mita za mezani hufyatuliwa na mashine wenzao

Chuoni nilikutana na mita ya mezani ya Hewlett-Packard, 34401A, na ndiyo iliyonifungua macho kwamba kufyatua ni somo linalojitegemea. Mita ile inakuuliza waziwazi: nifyatuke mfululizo, nifyatuke kwa kitufe, nifyatuke kwa amri ya kompyuta, au nifyatuke kwa msukumo wa umeme unaoingia kwenye tundu la nyuma? Unaipa pia muda wa kuchelewa, kuanzia sifuri hadi saa nzima, na idadi ya vipimo kwa kila mfyatuo. Ikimaliza inatoa msukumo wake yenyewe kwenye tundu la pili, kuiambia mashine inayobadilisha nyaya: nimemaliza, nenda waya unaofuata. Zikiunganishwa hivyo hakuna inayomkimbia mwenzake.

Watu walichukua muda kufika hapo. Mita ya AVO, iliyobuniwa na Donald Macadie wa Posta ya Uingereza na kutoka mwaka 1923, ilikuwa na mshale. Mshale hauna mfyatuo. Unafuata umeme muda wote kwa kadiri uzito wake unavyouruhusu, na ndiyo maana wazee wengine bado wanaupenda kwa kazi ya kutazama kitu kinachoyumba. Volti kwa tarakimu zilikuja katika miaka ya 1950, pale Andrew Kay wa Non-Linear Systems kule California alipotengeneza mita ya kwanza ya aina hiyo. Tangu siku hiyo kipimo kikawa tukio lenye mwanzo na mwisho.

Hapa Malaba hakuna mtu aliyefunga 34401A kwenye benchi la jua kali, lakini mfumo wa namna hiyo unapita mbele yetu kila saa. Mihuri ya kielektroniki ambayo mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zinaitumia kwa pamoja tangu 2017 kufuatilia mizigo hutuma mahali ilipo kwa saa maalumu, na hutuma hapohapo mtu akiichezea au lori likiacha njia. Saa inafyatua, na tukio linafyatua. Ingekuwa na saa peke yake, mwizi angehitaji tu kujua vipindi vyake. Mwenye duka anayetaka kurekodi stima usiku kucha ajue hivyo pia: mita inayoandika kila dakika tano itamwonyesha usiku mtulivu huku friji imeungua kwa mpando wa sekunde moja. Atafute inayoandika kwa saa na kwa tukio.

9. Andika kilichofyatua kando ya namba

Lori ninaloshika Malaba asubuhi linaweza kushikwa na fundi wa Jinja usiku. Dereva humwambia, “Fundi wa Malaba alipima 22.” Ishirini na mbili ipi? Gari limelala? Likipiga stata? Likichaji, mahali panapotakiwa kuwa 27.5 hadi 28.8? Sasa mimi humpa dereva karatasi ndogo: mahali ncha zilipogusa, namba, na kilichoifyatua. “Betri, MIN, stata baridi.” “Waya wa ardhi, MAX, stata baridi.” “Mvujo, dakika 40 baada ya kufunga milango.” Saa naiandika kwa mtindo wa ishirini na nne, 02:00 au 14:00, kwa sababu saa nane bila usiku wala mchana inaweza kumpotosha mtu aliye mji mwingine. Mafundi wawili wa ng'ambo wamenipigia simu kwa sababu ya karatasi hizo, na sasa tunatumiana magari kwa kuaminiana.

10. Ukinunua mita, ijaribu hapohapo dukani

Usidanganywe na wingi wa tarakimu. Nenda na betri ndogo ya volti 9. Mwombe muuzaji aifungue mita, iweke kwenye volti za DC, funga renji, gusa betri, kisha bonyeza MIN/MAX. Inua ncha moja kwa haraka kadiri uwezavyo na uirudishe. Soma MIN. Mita yenye kasi itakuwa imeshuka karibu na sifuri. Nzito itabaki na saba au nane, au haitakuwa imeona lolote. Rudia polepole kidogo uone inaanzia wapi kunasa. Kisha angalia kama alama ya CAT III imechapwa karibu na matundu, maana utaigusisha kwenye volti 415 siku moja. Muuzaji akikataa kufungua pakiti, duka la pili haliko mbali.